Usiuze kiwanja kwa kutegemea miezi 36 ya Marekani

NOVEMBA mwaka 2025 mfanyabiashara mmoja wa vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alinishika mkono akanivuta ndani ya duka lake. Alikuwa na bahasha mbili. Ya kwanza ilikuwa na hati ya kiwanja chake cha Kigamboni. Ya pili ilikuwa na karatasi ya wakala wa vyuo vya nje, yenye picha za wanafunzi wanaocheka na maandishi makubwa kwamba anayesomea kompyuta Marekani hupata miaka mitatu ya kufanya kazi huko baada ya shahada.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe umesoma biashara chuoni. Nikiuza hiki kiwanja nikampeleka dada yako akasome, fedha yangu itarudi baada ya muda gani?"

Nilimwomba mashine ya hesabu, tukakaa juu ya robota za vitenge. Nilipomaliza nikamwambia: "Mzee, hesabu hii haifungi." Hakufurahi, lakini hakuuza.

Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini tangazo lililoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vizuizi vya viza, zikiwemo viza za wanafunzi. Tangazo hilo lilianza kutumika 1 Januari 2026. Waliokuwa na viza zao tayari hawakunyang'anywa, lakini aliyekuwa bado kwenye foleni alibaki na barua ya chuo, risiti ya malipo ya awali na hati ya kiwanja yenye jina la mtu mwingine.

Sitaki sifa isiyo yangu. Sikujua kwamba mlango ungefungwa. Nilichojua ni kwamba hata kama mlango ungebaki wazi, hesabu ilikuwa haifungi. Na nayaandika haya sasa kwa sababu mawakala hawajafunga maofisi. Wamebadilisha bendera kwenye karatasi, wakaweka ya Uingereza au Canada, na maneno chini ya picha ni yaleyale.

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia hisa, mazao na dola. Leo unazungumzia ada, kwa sababu kwa wasomaji wetu wengi ada ya mtoto ng'ambo ndiyo uwekezaji mkubwa kuliko wowote watakaoufanya maishani, na ndio wanaoufanya bila kusoma waraka wa matarajio.

Bidhaa yenyewe ni ipi

Tuanze na hiyo miezi 36, maana ndiyo kipimo ambacho mawakala wametuzoesha. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya daraja F akimaliza shahada Marekani, sheria za huko zinamruhusu kuomba kibali cha kufanya kazi inayohusiana na somo lake kwa miezi 12. Kibali hicho hujulikana kwa herufi OPT. Aliyesoma somo lililomo katika orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati anaweza kuomba nyongeza ya miezi 24. Jumla ni 36. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 wahitimu wa kigeni 242,782 walikuwa kwenye mpango huu, kwa hiyo wakala hakudanganya. Ila alisema ukweli wa juu ya boksi, na kila aliyewahi kuagiza mzigo anajua kwamba boksi si mzigo.

Kwanza, si kila shahada yenye jina la kisasa imo kwenye orodha. Kinachoangaliwa ni namba ya somo iliyoandikwa kwenye hati ya chuo iitwayo I-20, kama vile forodha wanavyoangalia namba ya bidhaa na si jina alilolipenda mwenye mzigo. Utawala wa biashara kwa ujumla haumo. Takwimu za biashara zimo. Vyuo viwili vinaweza kufundisha mambo yanayofanana, kimoja kikayaandikisha kwa namba yenye nyongeza na kingine kwa namba isiyo nayo. Tofauti ya namba hiyo ni miaka miwili ya mshahara, na mzazi aliyelipa ada hakuiuliza.

Pili, miezi inahesabika hata kama mhitimu hana kazi. Katika miezi 12 ya kwanza haruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Akipata nyongeza anaongezewa siku 60, zikawa 150 kwa kipindi chote. Zikipita, kibali kimekwenda na viza imekwenda nacho.

Tatu, nyongeza ya miezi 24 haimtegemei mhitimu peke yake. Mwajiri lazima awe amejiandikisha katika mfumo wa serikali ya huko wa kuhakiki wafanyakazi, uitwao E-Verify. Lazima asaini mpango wa mafunzo pamoja na mhitimu, ampe kazi ya saa zisizopungua 20 kwa wiki, na amlipe kama anavyowalipa Wamarekani wa kazi hiyo. Anayefikiri atajiajiri mwenyewe katika miezi hiyo hana njia, maana mtu hawezi kujisainia mpango wa mafunzo.

Nne, kuna tarehe. Maombi ya kwanza hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kumalizika hadi siku 60 baada ya hapo. Ya nyongeza lazima yafike kabla kibali cha kwanza hakijaisha. Aliyechelewa hatozwi faini akaruhusiwa kupita. Amekosa.

Hesabu ya juu ya robota

Tarakimu zifuatazo ni za mfano. Kila mzazi aweke zake. Tuseme shahada ya pili ya miaka miwili ina ada ya dola 30,000 kwa mwaka, na chakula, pango, bima na vitabu dola 18,000 kwa mwaka. Mtaji ni dola 96,000.

Tuseme tena mhitimu amepata mshahara mzuri, na baada ya kodi na matumizi yote anabakiza dola 1,700 kila mwezi, bila kununua gari na bila kutuma hata senti nyumbani. Hilo lenyewe ni kazi kwa kijana wa miaka 25.

Akitumia miezi mitatu kutafuta kazi, katika ile 36 anabaki na 33 ya kulipwa. Atakuwa amebakiza dola 56,100. Mtaji bado una pengo la dola 39,900.

Akikosa nyongeza, anabaki na miezi tisa. Atakuwa amebakiza dola 15,300, na pengo ni dola 80,700.

Akirudi siku ya mahafali, pengo ni dola 96,000 zote.

Hapo sijaweka riba. Mikopo ya benki zetu kwa miaka mingi imekuwa ikitozwa karibu asilimia 15 kwa mwaka. Aliyekopa shilingi milioni 100 kwa riba hiyo, bila kurejesha chochote katika miaka miwili ya masomo, anadaiwa zaidi ya milioni 132 kabla mtoto hajapokea mshahara wa kwanza. Aliyeuza kiwanja hadaiwi na benki, lakini kiwanja kikipanda bei kinampandia mtu mwingine.

Msomaji atazame vizuri mfano huu. Hata mzigo ukifika salama na kamili, miezi 36 hairudishi mtaji. Kinachorudisha mtaji ni kazi ya miaka inayofuata, nayo haimo kwenye karatasi ya wakala.

Thamani ya tiketi

Je, miaka inayofuata hupatikana vipi? Kwa wengi Marekani njia ni kibali cha H-1B, ambacho mwajiri ndiye humwombea mfanyakazi. Sheria inatoa nafasi 65,000 kwa mwaka na nyingine 20,000 kwa wenye shahada za juu za vyuo vya huko. Waombaji wakizidi nafasi, hufanyika bahati nasibu. Katika msimu wa Machi 2025 yaliandikishwa maombi karibu 344,000, yakachaguliwa 120,141. Takribani moja kati ya matatu.

Hapa ndipo mwenye kupenda hesabu anapoona kitu ambacho wakala hakukieleza. Mwenye miezi 12 anaingia bahati nasibu mara moja, na nafasi yake ni kama asilimia 33. Mwenye miezi 36 anaweza kuingia mara tatu. Kama kila mara nafasi ni moja kwa tatu, uwezekano wa kupata angalau mara moja ni kama asilimia 70. Ndiyo kusema thamani kubwa ya nyongeza haiko katika mshahara wa miezi 24. Iko katika tiketi mbili za ziada.

Lakini tiketi nazo zimebadilishwa. Septemba 2025 Rais Trump alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Mwezi uliofuata idara ya uhamiaji ya huko ikafafanua kwamba aliyeko ndani ya Marekani anayebadilisha hadhi yake hahusiki, na wahitimu wakapumua. Desemba mwaka huohuo ikatangazwa kanuni ya kuyapa uzito zaidi maombi yenye mishahara mikubwa. Mhitimu mpya kwa kawaida huanzia ngazi ya chini ya mshahara, kwa hiyo tiketi yake imepungua uzito. Asilimia 70 niliyoitaja ni ya mchezo wa zamani.

Kanuni hubadilika, deni halibadiliki

Wapo watakaosema haya ni ya Rais mmoja, akiondoka yataondoka naye. Historia haisemi hivyo. Nyongeza hii ilianza mwaka 2008 ikiwa ya miezi 17, kwa kanuni ya wizara na si kwa sheria ya Bunge. Agosti 2015 jaji wa Washington aliitengua kwa kuwa ilitolewa bila wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni, akaipa serikali muda wa kurekebisha. Mei 2016 ikarudi ikiwa ya miezi 24. Kesi nyingine iliyoupinga mpango mzima ilishindwa katika rufaa Oktoba 2022, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu Kabisa ya huko ikakataa kuisikiliza. Marais wanne wa vyama viwili wamepita juu ya kanuni hiyo, na katika muda wote huo hapakuwa na mzazi wa Kariakoo aliyeulizwa maoni.

Uingereza ni vilevile. Iliwahi kuwa na kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, ikakifunga mwaka 2012, ikafungua kingine Julai 2021 cha miaka miwili, na mitatu kwa wenye shahada ya uzamivu. Sasa imeamua kwamba maombi yatakayopelekwa kuanzia 1 Januari 2027 yatapewa miezi 18 badala ya miaka miwili, isipokuwa ya wenye uzamivu. Fikiria mzazi aliyempeleka mtoto Septemba 2024 kwa shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Alilipa akihesabu miezi 24 ya kazi, na mtoto atamaliza katikati ya 2027 akute 18. Robo ya bidhaa imetolewa kwenye kontena likiwa bado baharini, na hakuna bima inayolipa.

Baada ya miezi hiyo, Uingereza humtaka mwajiri alipe mshahara wa kiwango maalumu. Tangu Julai 2025 kiwango cha kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, ingawa wahitimu wapya wana kiwango cha chini kidogo. Canada kwa muda mrefu ilimtaka mwanafunzi aoneshe dola zake 10,000 za kujikimu mwaka wa kwanza. Januari 2024 zikawa 20,635, na Septemba 2025 zikawa 22,895. Zaidi ya mara mbili ndani ya miaka miwili.

Sizilaumu serikali hizo. Kila mwenye soko hupanga milango ya soko lake, na sisi wenyewe tuna sheria kali za vibali vya kazi kwa wageni. Ninachosema ni kwamba mfanyabiashara mwenye akili hawezi kuweka rehani mali ya miaka 20 dhidi ya ruhusa inayoweza kufutwa kwa karatasi moja, na nchi ambayo hapigi kura.

Soko lisilotangazwa

Ipo nchi ambayo sijawahi kuiona kwenye karatasi za mawakala wa Kariakoo, nayo ni Ujerumani. Sababu moja si ngumu kuikisia: wakala hula kamisheni inayotoka kwenye ada, na vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada hata kwa wageni. Kuna tofauti. Jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza kuwatoza mwaka 2024. Asiulizwe mtu, isomwe barua ya chuo.

Gharama kubwa ni kujikimu. Mwanafunzi hutakiwa kuweka fedha ya mwaka mzima katika akaunti maalumu iliyofungwa. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, na hutolewa euro 992 kila mwezi. Fedha hiyo inabaki kuwa ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa miaka miwili ni euro 23,808. Akimaliza hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na shahada yake, na katika miezi hiyo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Akiipata hubadilisha kibali bila bahati nasibu.

Hakuna cha bure. Masomo ya shahada ya pili kwa Kiingereza yapo mengi, lakini waajiri wengi hutaka Kijerumani, na lugha hiyo haijifunzwi kwa mwezi mmoja. Mzazi ahesabu mwaka mzima wa lugha kuwa sehemu ya mtaji. Hata hivyo, linganisha hasara. Mtoto akirudi siku ya mahafali, familia imepoteza kama euro 24,000, nauli na ada ya lugha, si dola 96,000. Katika biashara tunapima kwanza hasara tunayoweza kuibeba, ndipo tunapima faida.

Kipimo kimoja

Nitaambiwa nawakatisha watu tamaa. Wapo vijana wetu waliokwenda kwa njia hizi, wakabaki, wakasomesha wadogo zao na kuwajengea wazazi. Nawafahamu baadhi yao, tulisoma pamoja. Lakini kila ninayemfahamu aliyefanikiwa bila familia kuumia alikwenda kwa fedha ambayo haikuhitaji kurudi: ya ufadhili, au ya chuo chenyewe. Huko Marekani wanafunzi wengi wa uzamivu katika sayansi na uhandisi husamehewa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Mlango wa viza ukifunguka tena, huo ndio wa kugonga kwanza.

Kwa anayelipa mwenyewe, kipimo changu ni kimoja. Jiulize: mtoto huyu akishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam wiki moja baada ya mahafali, shahada yake itauzika hapa, na nyumba yangu itakuwa bado ni yangu? Kama jibu ni ndiyo, mpeleke. Miezi ya kazi ng'ambo ikipatikana itakuwa gawio, na gawio hufurahiwa likija. Kama jibu ni hapana, miezi hiyo umeigeuza kuwa mtaji, na mtaji huo haumo mkononi mwako.

Yaliyobaki ni ya kawaida kwa kila mwenye duka. Lipa kwa muhula, usilipe kwa mwaka kama chuo kinaruhusu. Pata kwa maandishi sharti la kurudishiwa malipo iwapo viza itakataliwa, na lisome wewe, si wakala. Uliza namba ya somo kabla ya jina la somo. Muulize wakala analipwa na nani. Nyumba unayolala usiiweke rehani kwa ada. Na usiweke mayai yote kwenye tenga moja: peleka maombi nchi mbili, na shika nafasi ya chuo cha hapa nyumbani hadi viza iwe mkononi.

Mzee wa Mtaa wa Kongo bado ana hati yake. Kiwanja amemkodishia mfyatua matofali, na kodi hiyo inalipa masomo ya jioni ya Kijerumani ya binti yake, ambaye mchana anasomea kompyuta hapahapa Dar es Salaam. Wiki hii nilipopita kumpa shikamoo aliniuliza bei ya euro. Nilimwonesha jedwali la ukurasa huu, akaiandika nyuma ya ile bahasha ya wakala.